Tangu lini polisi wakawa wakusanya madeni ya kangomba? Huku Mtwara tumechoka!

Wakuu, msimu wa korosho ukifika huku kwetu, mahabusu inageuka ofisi ya kudai watu. Wilaya siitaji, wenye kituo chao wanajijua.

Mdogo wangu alichukua hela ya kangomba kipindi cha kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho. Watu wa Kusini mnaielewa: jamaa anakupa pesa mapema, unamlipa korosho mavuno yakitoka, tena kwa bei ya kukukamua. Mikorosho ikapigwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Dogo kapeleka nusu, akaomba asubiriwe iliyobaki. Ijumaa jioni pikipiki ya askari hiyo mlangoni. Kosa eti "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu".

Udanganyifu upi? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataka uwe ulisema uongo wakati unaichukua ile pesa, na ulijua ni uongo au hukuamini kuwa ni kweli. Hilo kosa lina kifungo cha hadi miaka 7, si la kubandikana ovyo. Mtu ana shamba linaonekana, kalipa nusu, anadaiwa nusu. Hayo ni madai! Jamaa aende mahakama ya mwanzo akafungue shauri kama wenzake. Hathubutu, maana hakimu atamuuliza alinunuaje korosho mlango wa nyuma wakati zinatakiwa zipite AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ziingie ghalani kwa stakabadhi, ndipo ziuzwe mnadani. Mvunja utaratibu ndiye kawa mlalamikaji, na anaitwa bosi pale kaunta.

Na kwa nini Ijumaa? Kwa sababu Jumamosi na Jumapili mahakama hazifunguliwi. Nilipouliza habari ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, nikajibiwa "hizo ni za siku za kazi, mzee". Hakuna kitu kama hicho kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Umekamatwa bila hati, kosa lenyewe si la kunyongwa, na haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24: mkuu wa kituo anatakiwa akuachie kwa dhamana, labda aone kosa ni zito. Magunia ya korosho yana uzito, sawa, ila si huo!

Ukutani kuna karatasi DHAMANA NI BURE, kona moja imebanduka. Chini yake palepale naambiwa niweke mafuta ya pikipiki. Nimekuja na mdhamini, kitambulisho anacho, barua ya mtendaji wa kijiji ipo, ina muhuri. Jibu: "Mlalamikaji hajaridhia." Yeye ndiye anayetoa dhamana siku hizi?

Usiku wakamtoa dogo wakamwandikisha maelezo peke yake. Hakuambiwa anaweza kunyamaza, wala kwamba ana haki ya kuita ndugu au wakili. Kwenye hayo maelezo kuna mstari kwamba "amekubali kulipa".

Jumapili mama kauza mbuzi. Pesa zikahesabiwa kaunta, jamaa akaweka mfukoni, dogo akatolewa. Mahakamani hajafika, hati ya mashtaka hatujaiona, na risiti hakuna.

Wanasheria mliomo humu: malalamiko ya hivi tunaanzia kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), au tuende moja kwa moja ofisi ya mashtaka ya mkoa? Na yale maelezo aliyosaini usiku yanaweza kuja kumgeukia dogo, jamaa akirudi kudai tena? Wa "pole sana mkuu" mniache kwanza, nataka wenye majibu.