Mrejesho: yule ndama wangu aliefiwa na mama

Asalaam alaykum jamani, mie yule wa huku Wete, Pemba, nlouliza nimlishe vipi ndama jike aliefiwa na mama yake na lini ataitwa mtamba, yaani jike aliekua ila hajazaa bado. Alhamdulillahi anacheza sasa. Bahati dang'a, yale maziwa ya kwanza, alipata kwa mama yake siku ileile ya kuzaliwa, baada ya hapo nkafata mlivosema, maziwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yeye kama kilo 40 basi lita 2 asubuhi 2 jioni, ya vuguvugu, nanunua kwa jirani na bei yake weee! Maji safi yapo muda wote, na pumba na mashudu (makapi ya mbegu zilokamuliwa mafuta) kidogo kidogo maana tumbo halizoei majani kwa maziwa matupu. Kupe namwogesha dawa, ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, haina utani kwa wadogo.

Haya la majina, mzee mmoja hapa kanambia ndama mpaka aache maziwa, akishakua ni mtamba mpaka azae ndo ng'ombe kamili. Dume ni fahali, akihasiwa maksai, huyo wa kuvuta gari. Ahsanteni sana, ntamwachisha maziwa akifika miezi mitatu inshaallah kama pumba anakula vizuri.