Marburg Biharamulo: zile siku sita, tulifichwa au walikuwa wanapima?

Dereva wa Nyakanazi: Wadau, tarehe 14 Januari 2025 WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema Kagera kuna watu wanashukiwa Marburg, ile homa ya virusi inayoua. Wizara ikasema imepima, hamna kitu. Tarehe 20 Rais yuko Dodoma na Tedros, mkuu wa WHO, anatangaza: Biharamulo yupo mmoja, kathibitika. Siku hizo sita mimi napakia abiria, wanne siti ya watatu. Hii ni haki?

Mzalendo Halisi: Maabara ikisema hasi wewe ulitaka watangaze chanya? Watalii wakikimbia utawalisha wewe? Na nyie wa Kagera muache kwanza kula popo.

Nshomile Original: Ebo! Nani anakula popo? Sisi tunakula SENENE. Kama huwezi kutofautisha panzi na popo, mambo ya maabara waachie wenyewe.

Mzalendo Halisi: Si vyote vinaruka?

Nshomile Original: Hata ndege ya kwenda Dubai inaruka, mbona hujaikaanga.

Muuguzi wa Zamu: Jamani, popo si lazima umle. Wale wa matunda wanakaa mapangoni na migodini, virusi viko kwenye mate na mkojo wao. Ujerumani 1967 walioanza kuugua walikuwa watu wa maabara, walishika tumbili waliotoka Uganda. Nao walikuwa Wahaya wa Kagera?

Nshomile Original: Mwambie huyo!

Mjukuu wa Kamachumu: Nyie mnacheka. 2023 ulipoingia Bukoba Vijijini ukaua sita, shangazi yangu alifariki wiki zilezile. Presha tu, ya miaka yote. Nani alikuja? Ndoo ya klorini mlangoni, mikeka mitupu, rambirambi zinaingia kwa simu. Aliyekuja alisimama kwenye migomba akapunga mkono. Ugonjwa ukifichwa, kila homa inakuwa Marburg.

Mama Kopo: Pole sana mwanangu. Ila Nshomile, senene bado wapo?

Nshomile Original: Msimu umepita mama, nina wa kukaanga. Njoo inbox.

Dereva wa Nyakanazi: Turudini kwenye hoja. Rwanda juzi tu, 2024, wameugua 66, wamekufa 15, na wengi ni wahudumu wa afya. Walitangaza, na siku kumi hazijaisha wakaanza kuchanja, chanjo ya majaribio lakini walichanja. Sisi tungeshindwa nini?

Mzalendo Halisi: Si uhamie Kigali, Rusumo ni hapo tu.

Muuguzi wa Zamu: Dereva, na sisi tunaowapokea hao wagonjwa tukiambiwa "hamna kitu" tunavaa glovu moja moja. Hilo hakuna aliyeuliza.

Mzalendo Halisi: Glovu ni bajeti, anzisha uzi wake.

Mama Kopo: Nshomile, wamewekwa kitunguu?

Dereva wa Nyakanazi: Nimeuliza Marburg naletewa senene. Haya, na mimi makopo mawili. Uyalete stendi uyaweke juu ya boneti, mkono sikupi.