Meli, bunduki au Zeppelin: kipi kingembeba Von Lettow 1914-18?

Kijana wa Ngamiani
Wakuu salaam. Kuna swali linanijia kila nikipita Sanamu ya Askari pale Posta, hivi vita vya Mjerumani na Mwingereza hapa kwetu vingeendaje kama Von Lettow, kamanda wa jeshi la Wajerumani, angepata silaha moja tu aliyoikosa? Nalinganisha tatu. Manowari Königsberg isingenaswa Rufiji. Au askari wote wangekuwa na Mauser za kisasa tangu siku ya kwanza, maana wengi walianza na zile za 1871 za baruti nyeusi, ukifyatua tu moshi unapanda na adui anajua uko kichaka gani. Au lile Zeppelin L59, chombo kikubwa cha anga cha Wajerumani kinachoelea kwa gesi, lililotoka Bulgaria Novemba 1917, likafika Sudan likaitwa lirudi, tuseme lingefika.

Mimi naenda na bunduki. Tanga Novemba 1914 Waingereza walishusha watu kama 8,000 Ras Kasone, upande wa pili walikuwa elfu moja hivi na bado Waingereza walichapwa wakakimbilia melini, wakaacha bunduki za rashasha na risasi kama laki sita. Sasa piga picha jeshi lile lingekuwa na bunduki mpya kabla ya kuziokota kwa adui.

Fundi Mitambo
Mkuu, Königsberg watu wanaikuza sana. Kweli ilizamisha Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ila baada ya hapo mitambo ikaharibika, ikajificha delta ya Rufiji, na vipuri vya boila vikaburutwa nchi kavu mpaka Dar vikatengenezwe halafu vikarudishwa hivyohivyo. Hata ingetoka ingeenda wapi bila makaa ya mawe, na manowari za Uingereza zinaisubiri nje?

Alafu kuna kitu hukukigusa. Ilipopigwa Julai 1915 na zile Severn na Mersey, meli za kina kifupi zinazoweza kupanda mtoni huku ndege zinawaelekeza wapige wapi, Wajerumani walitoa mizinga yake yote 10 ya milimita 105, ikatengenezwa Dar ikawekwa magurudumu. Ndiyo ikawa mizinga mikubwa kuliko yote aliyokuwa nayo Von Lettow. Kwahiyo meli ikinusurika anaikosa hiyo mizinga! Ukienda Fort Jesus Mombasa mmoja upo, simama pembeni yake uone unene wa lile bomba ndio utaelewa kwanini ulihitaji mamia ya watu na kamba kuuvuta porini.

Mmakonde wa Newala
Zeppelin ndio lenyewe nyie. Lilibeba tani kama 15, risasi, bunduki za rashasha, dawa, na halikutakiwa kurudi kabisa. Kitambaa cha nje kingekuwa mahema, kile cha ndani bandeji, vyuma vyake milingoti ya redio. Lilitakiwa kutua huku kwetu uwanda wa Makonde, Waingereza wakawahi kuushika.

Ila tarehe ndio zinauma. Limerudi Bulgaria 25 Novemba 1917, na siku hiyohiyo Von Lettow anavuka Ruvuma anawavamia Wareno Ngomano na kupata bunduki na risasi za kumtosha. Yeye aliokoka bila Zeppelin. Aliyeihitaji ni Tafel, ofisa mwingine wa Kijerumani, kikosi chake kilisalimu amri siku tatu baadaye kwa njaa, na Zeppelin halikubeba unga.

Bint Kilwa
Nimesoma zote na hakuna aliyewahesabu wapagazi isipokuwa kama kamba za kuvutia mzinga. Nchi ina mbung'o, punda na farasi wanakufa, kila kitu kinapanda kichwani. Mtu anabeba kilo 25 hivi na anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku, ukimpeleka mwendo wa wiki mbili na kurudi huo mzigo kaumaliza mwenyewe. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa karibu 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, risasi wala haikuwagusa. Upande wa Wajerumani walichukuliwa kwa nguvu na ghala za vijiji zikakombwa. Mnapoongeza silaha ongezeni na vichwa vya kuibeba, inaniuma sana tukiiruka hii.

Kijana wa Ngamiani
Dada hoja yako nzito, na ndio inanirudisha kwenye bunduki. Risasi ya ile ya 1871 ilikuwa nene ya milimita 11, nzito, ya Mauser mpya ni ya 7.92 na nyepesi zaidi. Mzigo uleule unabeba risasi nyingi zaidi, kwahiyo kwa vita ileile unahitaji wapagazi wachache. Mzinga wa Königsberg haukupi hiyo nafuu, Zeppelin ndio kabisa, mzigo ukishatua bado kuna mtu wa kuusambaza.

Bint Kilwa
Hapana kaka, hakuna ofisa wa vita ile aliyempunguzia mpagazi mzigo kwasababu risasi imekuwa nyepesi, wangejaza sanduku mpaka uzito ufike palepale na vita ingerefuka. Von Lettow alisalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, ushindi wa huku usingebadili chochote kule. Kura yangu ukinilazimisha naweka Zeppelin, angalau lilikuwa na dawa na bandeji ndani.