MREJESHO: Mdomo mkavu na kukoroma kurudi licha ya CPAP

Wakuu, swali lilikuwa hili: mgonjwa wa kukatika pumzi usingizini, kipimo kilisoma mara 34 kwa saa (30 na kuendelea ni kiwango kikali), anatumia CPAP (mashine inayopuliza hewa yenye mgandamizo kupitia barakoa ili koo lisizibe), lakini anaamka mdomo umekauka na kukoroma kumerudi. Jibu limepatikana.

Mashine haikuwa na shida. Barakoa ilikuwa ya pua tu. Taya likilegea usingizini hewa inatokea mdomoni, koo linakosa mgandamizo wa kulishikilia wazi, njia inaziba tena. Imewekwa inayofunika pua na mdomo. Kamba zikazwe ukiwa umelala, mashine ikipuliza. Ukikaza umekaa, ukilala uso hubadilika umbo. Na msikaze mno: mto wa silikoni lazima ufure kidogo ndipo uzibe. Ndevu nazo huvujisha.

Asanteni mliokataza kupandisha mgandamizo kiholela. Penye uvujaji, kuongeza kunazidisha uvujaji. Kiwango apange daktari; mashine nyingi hutoa sentimita 4 hadi 20 za maji (ndicho kipimo cha mgandamizo).

Chombo cha mashine cha kutia hewa unyevu kinataka maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa), mapya kila siku. Yale ya betri ya gereji hapana kabisa, mengine ni tindikali! Mto wa barakoa uoshwe kila asubuhi kwa sabuni laini, maana mafuta ya uso huutelezesha.

Sasa kumbukumbu ya mashine inasoma 3 kwa saa. Usingizi wa mchana haujaisha wote, kwa hiyo mgonjwa bado hajarudishiwa usukani.