Wauzaji wa Lubumbashi, acheni kuwauzia wanafunzi visoma-vitabu vya kielektroniki (kama Kindle na Kobo) vya inchi 6 kwa ajili ya PDF!

Mwana_Kampemba:
Bandugu, hii imezidi. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, anaingia dukani, anasema wazi anataka mashine ya kusomea silabusi. Muuzaji anamshikisha ya inchi 6 kwa kuwa ndiyo iliyobaki, eti "inaingia mfukoni, na PDF inafungua." Inafungua, ndiyo. Nani ataisoma?

Chukueni rula. Kioo cha inchi 6 kina upana wa milimita 91 hivi na urefu wa 122. Karatasi ya A4 ni 210 kwa 297. Ukurasa mzima ukibanwa humo unabaki asilimia 41 ya kipimo chake, kwa hiyo herufi za pointi 11 zinashuka hadi 4 na nusu. Ni maandishi ya karatasi ya ndani ya boksi la dawa! Inchi 7 inafikisha pointi 5 na kidogo. Inchi 10.3 inakaribia 8, na hapo ndipo macho yanapumua.

Msiniambie "atakuza herufi." Hiyo ni kwa EPUB, faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo. Ukurasa wa PDF umeshaganda: ukiukuza unatoka nje ya kioo, unabaki kuusukuma kushoto na kulia mstari kwa mstari, na wino wa kielektroniki unachelewa kila unaposukuma. Tena silabusi zetu nyingi ni fotokopi ya fotokopi iliyopigwa skani, yaani picha tupu. Ukizipitisha kwenye Calibre, programu ya kompyuta ya kugeuza vitabu, ili ziwe EPUB, zinatoka picha zilezile.

Halafu kuna wale wanaomsukumia kila mtu mashine kubwa, kwa sababu faida iko huko. Mama anayesoma riwaya na Biblia kitandani afanye nini na Kindle Scribe ya toleo la kwanza, kubwa ya gramu 433, wakati Kindle ya kawaida ni gramu 158? Zote mbili zina pikseli 300 kwa inchi, yaani ukali wa herufi ni uleule. Kobo Elipsa, kwa ukubwa wake wote, ina 227. Na skrini nyingi za aina hii zina bamba jembamba la kioo ndani. Likiwa pana linapindika upesi kwenye mfuko wa mgongoni, ndani ya basi la Katuba lililojaa. Linapasuka kwa ndani, juu huoni ufa wowote, ila sehemu ya picha imeganda na haibadiliki tena. Kubadilisha skrini hiyo kunakaribia bei ya mashine nyingine.

Kabla ya kutoa dola, ingia na PDF yako mwenyewe, iwekwe kwenye mashine palepale, ufungue ukurasa wenye jedwali. Jalada halikuonyeshi kitu. Akikataa, toka.

Fundi_Kamalondo:
Mkubwa, hasira yako ina haki, lakini usiwatupishe watu inchi 6 walizonazo. Kata kingo nyeupe za ukurasa kwanza. Zikiwa milimita 25 kila upande, maandishi yanabaki na upana wa 160. Laza mashine: 122 kwa 160 ni asilimia 76, pointi 11 zinakuwa zaidi ya 8. Hiyo inaipita 10.3 iliyosimama bila kukatwa kingo! Ukurasa utausoma vipande viwili au vitatu, basi. Programu ya KOReader inafanya kazi hiyo vizuri, na kuiweka kwenye Kobo si shida. Kindle lazima ivunjwe kufuli la programu yake kwanza, na si kila toleo linakubali.

Kwa skani kuna k2pdfopt kwenye kompyuta. Inakata maneno kama vipande vya picha na kuyapanga upya. Majedwali na fomula inaziharibu.

Dada_Ruashi:
Mnasahau mtumba. Kindle iliyotumika, kubwa au ndogo, muuzaji aondoe akaunti ya mwenye mali wa kwanza mbele yako, kisha uisajili kwa jina lako hapohapo kwa wifi. Ikiwa iliripotiwa kuibiwa, Amazon inaikataa. Halafu EPUB ukiiingiza kwa kebo Kindle haiioni. Igeuze kuwa AZW3, aina ya faili ya Kindle, kwa Calibre. Kobo inaisoma EPUB moja kwa moja.

Mwana_Kampemba:
Fundi, hesabu yako naikubali kwa silabusi za sheria na historia. Mwanafunzi wa udaktari mwenye majedwali yanayojaza A4 nzima hana kingo za kukata, huyo anahitaji 10.3. Na asidanganywe na rangi: skrini za rangi za Kaleido 3 zinatoa pikseli 300 kwa nyeusi na nyeupe, ila rangi ni 150, na sura yake ni ya kijivu zaidi mpaka uwashe taa. Taa ndiyo inayokula betri. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata siku mbili, zima taa na wifi. Kugeuza kurasa peke yake kunakula umeme kidogo sana.