Kwa nini ITV ya Uingereza ilianza na kampuni nyingi za kanda na kuishia mikononi mwa kampuni moja?

Mwenye Swali

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandaa mada ya darasani kuhusu umiliki wa vyombo vya habari, na mfano niliouchagua ni ITV ya Uingereza, siyo ITV yetu ya IPP iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1994. Ninafahamu kwamba ilipoingia hewani mwaka 1955 haikuwa kampuni bali mtandao wa kampuni kadhaa, kila moja ikiwa na kanda yake, na kwamba leo karibu leseni zote za kanda hizo ziko chini ya ITV plc. Maandishi niliyoyapitia yanaeleza jambo hili kana kwamba ni mwenendo wa kawaida wa soko: wakubwa wakawameza wadogo. Kama ni hivyo tu, kwa nini wakubwa hao walikaa karibu miaka 40 bila kummeza mtu? Ninaomba ufafanuzi wa wanaoijua historia hiyo.

Mzee wa Antena

Ndugu, wakubwa hawakukosa hamu ya kumeza, walizuiwa. Sheria ya Televisheni ya mwaka 1954 iliunda mamlaka iliyoitwa ITA, na mamlaka hiyo ndiyo iliyomiliki minara na mitambo ya kurushia matangazo. Kampuni zilipewa mkataba wa muda wa kuandaa vipindi na kuuza nafasi za matangazo ya biashara katika kanda fulani. Maana yake ni kwamba mwenye kampuni, hata awe tajiri kiasi gani, mkataba wake ulipokwisha angeweza kunyang'anywa kanda na kubaki na studio, kamera na wafanyakazi asiokuwa na pa kuwapeleka. Mali yenyewe hasa, yaani haki ya kuwa muuzaji pekee wa matangazo ya televisheni katika kanda, haikuwa yake kuiuza.

Tazama jinsi London ilivyogawanywa. Mji ni mmoja na mnara ni mmoja, lakini Associated-Rediffusion ilipewa Jumatatu hadi Ijumaa na ATV ikapewa Jumamosi na Jumapili. Tarehe 22 Septemba 1955 ndipo matangazo yalipoanza, na tangazo la kwanza la biashara lilikuwa la dawa ya meno ya Gibbs SR. Midlands, yaani katikati ya Uingereza, na kaskazini zilifuata mwaka 1956, Scotland mwaka 1957, kisha kanda nyingine moja baada ya nyingine hadi visiwa vya Channel mwaka 1962. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya hasara kubwa, lakini baada ya muda fedha zilimiminika kiasi kwamba Roy Thomson, mmiliki wa Scottish Television, alisema kupata leseni hiyo ni sawa na kupewa kibali cha kujichapishia noti. Kauli hiyo ilimsumbua maisha yake yote, na nadhani ilichangia serikali kuweka tozo maalumu juu ya mapato ya matangazo mwaka 1964.

Muungano ulikuwapo tangu zamani, ila ulifanyika pale tu mamlaka ilipotaka. Kampuni iliyopewa magharibi na kaskazini mwa Wales ilianza mwaka 1962, na kufikia Januari 1964 ilikuwa imeshindwa na kuchukuliwa na jirani yake, TWW. Katika ugawaji wa mwaka 1967, ambao matokeo yake yalionekana hewani mwaka 1968, Rediffusion na ABC, iliyokuwa na wikendi za Midlands na kaskazini, zililazimishwa kuungana na kuwa Thames ya London, na ABC ndiyo iliyopewa kauli ya mwisho. TWW yenyewe iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Harlech. Kinyume chake, katika miaka ya 1970 Yorkshire na Tyne Tees ziliwekwa chini ya kampuni mama moja, Trident, lakini ulipofika ugawaji wa mwaka 1980 mamlaka iliagiza zitenganishwe. Hapo ndipo penye jibu lako: soko lilikwisha kuziunganisha, mamlaka ikazitenganisha.

Kilichobadilika ni Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990, na baada ya hapo fuatilia tarehe. Mwishoni mwa mwaka 1993 serikali ilitangaza kwamba kampuni moja ingeweza kumiliki leseni mbili kubwa, na mapema mwaka 1994 Carlton ya London ilikuwa imekwisha kuichukua Central ya Midlands, Granada ya kaskazini magharibi imeichukua LWT ya wikendi za London, na wamiliki wa Meridian ya kusini wameichukua Anglia ya mashariki. Sheria ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha leseni mbili na kuweka kikomo cha asilimia 15 ya watazamaji wote wa televisheni. Carlton ikainunua Westcountry, Granada ikazinunua Yorkshire na Tyne Tees, United, iliyomiliki Meridian na Anglia, ikainunua HTV (ile Harlech), na huko kaskazini Scottish ikainunua Grampian. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 iliondoa kizuizi kilichobaki, na tarehe 2 Februari 2004 Granada na Carlton zikawa ITV plc. Kila lango lilipofunguliwa, walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

Bi Hesabu

Mzee wa Antena ameeleza vizuri upande wa sheria, lakini ninaona amezipa sheria sifa kubwa mno. Sheria hizo hazikulegezwa kwa hisani. Zililegezwa kwa sababu hesabu za kampuni zilikuwa zimebadilika, na chanzo kimoja cha mabadiliko hayo ni mnada wa leseni wa mwaka 1991, uliotokana na sheria ile ya mwaka 1990, ambao kwangu mimi ndio kitovu cha hadithi nzima.

Kabla ya hapo kampuni zilichaguliwa kwa kutazama sifa na ahadi zao za vipindi. Mwaka 1991 ziliambiwa ziandike katika bahasha zilizofungwa kiasi ambacho kila moja ingelipa serikalini kwa mwaka. Zilizokidhi kigezo cha ubora zilishindanishwa kwa fedha, ingawa mamlaka ilibaki na uwezo wa kumkataa mwombaji ambaye dau lake lilionekana halibebeki. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Central, iliyobashiri kwa usahihi kwamba hakuna mshindani, iliandika pauni 2,000 na ikapita. Yorkshire iliandika pauni milioni 37.7 na ikapita pia. TVS ya kusini iliandika pauni milioni 59.8 ikakataliwa kwa sababu hiyo ya kutobebeka. Thames, mojawapo ya kampuni zilizozalisha vipindi vingi zaidi katika mtandao, iliandika milioni 32.7 na kushindwa na Carlton iliyoandika milioni 43.2.

Sasa weka Yorkshire na Central katika daftari moja. Zote mbili zinauza matangazo kwa wateja walewale na zinaonyesha vipindi vilevile vya mtandao, lakini moja inalipa mamilioni kila mwaka na nyingine inalipa bei ya pikipiki iliyotumika. Central ikawa tunda lililoiva ambalo Carlton iliharakisha kulichuma, na Yorkshire ikawa mdhaifu anayesubiri mwokozi. Hapo hapo Channel 4, kituo kingine cha matangazo ya biashara ambacho hadi mwisho wa mwaka 1992 matangazo yake yaliuzwa na kampuni za ITV zenyewe, ikaanza kujiuzia mwaka 1993, huku televisheni ya Sky ikiwa imeingia kwa setilaiti tangu mwaka 1989. Ukiritimba ulikuwa umekwisha, na bila ukiritimba, kugharimia idara kumi na kitu za mauzo, za sheria na za uongozi hakukuwa na maana.

Jambo lililozisukuma Granada na Carlton hadi mwisho ni hasara ya pamoja. Mwaka 1998 zilianzisha televisheni ya kulipia ya ONdigital, baadaye ikaitwa ITV Digital, ikaahidi pauni milioni 315 kwa mpira wa ligi za chini na ikafa mwaka 2002. Zilipoomba kuungana, waliopinga kwa sauti kubwa walikuwa wanunuzi wa matangazo, waliohofia muuzaji mmoja mwenye zaidi ya nusu ya soko. Muungano uliruhusiwa kwa sharti kwamba wateja waweze kuendeleza mikataba yao ya zamani, na malipo yapungue watazamaji wakipungua. Kwa hiyo hata katika hatua ya mwisho mgogoro ulikuwa wa bei ya matangazo. Maslahi ya mtazamaji wa kanda hayakuwa mbele kiasi hicho.

Mkaazi wa Glasgow

Ninawashukuru wote wawili, ila mtazamaji huyo wa kanda aliyetajwa mwishoni ndiye ninayetaka kumzungumzia. Mwishoni mwa Oktoba 2002, kabla hata ya muungano kukamilika, majina ya kanda nyingi yaliondolewa kwenye vitambulisho vya kabla ya vipindi vya mtandao, yakabaki zaidi kwenye habari. Mwaka 2009 habari za Border, zilizokuwa zikiandaliwa Carlisle, ziliunganishwa na za Tyne Tees na kutolewa Gateshead. Kanda ya Border inavuka mpaka, kwa hiyo mtu wa Dumfries, aliye Scotland na mwenye bunge lake Edinburgh, akawa anasomewa habari za nyumbani kutoka kaskazini mashariki mwa Uingereza. Malalamiko yalikuwa makubwa na baadaye sehemu ya huduma ikarejeshwa.

Hata hivyo si haki kusema kila kitu kilihamia London. Coronation Street, iliyoanzishwa na Granada mwaka 1960, bado inatengenezwa upande wa Manchester, na tangu zamani vipindi vingi vya mtandao vilitoka kwa wakubwa wanne au watano tu. Kampuni ndogo ziliishi kwa habari na vipindi vya nyumbani.

Kwa mada yako, Mwenye Swali, usiandike kwamba leseni zote zimeunganishwa. Channel Television ilinunuliwa mwaka 2011, na UTV ya Ireland Kaskazini ikauzwa kwa pauni milioni 100 katika mkataba uliotangazwa mwaka 2015 na kukamilika mwaka 2016, ingawa jina lake limeachwa kwenye skrini. STV, iliyotokana na Scottish na Grampian, inashikilia leseni mbili za Scotland ikiwa kampuni inayojitegemea. Huonyesha vipindi vingi vya ITV kwa makubaliano, na waliwahi kupelekana mahakamani kuhusu malipo ya mtandao pale STV ilipoanza kuacha baadhi ya tamthilia na kuweka vipindi vyake, hadi wakapatana mwaka 2011. Ukitaka kuona mfumo wa mwaka 1955 ulivyokuwa ukifanya kazi, pamoja na ugomvi wake, anzia hapo.