Mjadala: Je, sare ya mke na mume iwe sharti la sherehe?

Kila Idi inapokaribia, mafundi cherehani wengi wa Ngamiani, hapa Tanga, huletewa kazi ya gauni la mke na shati la mume vya kitambaa kimoja. Siku hizi sare hiyo imefuatwa na vikombe vya jozi, saa za kufanana na mikufu ya nusu moyo. Wapinzani husema ni uigaji. Watetezi hujibu kwamba watu wa pwani wanajua jozi tangu zamani, kwani kanga huuzwa kwa doti.

Utetezi huo haunishawishi. Vipande viwili vya doti kwa kawaida ni vya mwanamke mmoja, ambaye hujifunga kimoja na kujitanda kingine, na mume hana fungu ndani yake. Hata hivyo, doti inawashinda watengenezaji wa mikufu kwa jambo moja: ikishakatwa, kila kipande hubaki na pindo pande zote nne, na mji wake (eneo la katikati), na jina lake (maandishi yake) kamili, wala hakimngoji mwenzake ili kivalike. Nusu ya moyo, uchumba ukivunjika, itavaliwa na nani?

Siipingi sare yenyewe. Napinga kuifanya sharti. Katika harusi zetu nyingi wanaume huketi kwao na wanawake kwao, hivyo watakaoona kwamba bwana na bibi wamelingana ni wale watakaotazama picha kwenye simu (na mpiga picha ndiye anayefaidi). Kwa ajili ya picha hiyo mume hudaiwa kitambaa na ushonaji wa watu wawili, na akishindwa huambiwa kuwa hampendi mkewe.

Liko pia suala la umiliki. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mali ambayo mwanandoa amempa mwenzake wakiwa katika ndoa huchukuliwa kuwa ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mume aliyenunua saa mbili za kufanana, akampa mkewe moja, asidhani kwamba siku ya ugomvi ataidai kirahisi kwa kuwa ni jozi.

Wanaotaka sare iwe lazima nawaomba wajibu hili: mke na mume wasipokubaliana rangi, nani avae asichokipenda?